Kichupa cha Dirishani

FUNDI: Haloo? Nani mwenzangu? Namba hii siijui.

MDOGO: Ni mimi, Dada. Mdogo wako. Napiga kwa simu ya hapa maabara.

FUNDI: Eh! Za huko? Mbona saa za kazi? Kwema lakini?

MDOGO: Kwema. Umeamkaje?

FUNDI: Salama tu. Niko dukani, nina mteja hapa anajaribu gauni— geuka kidogo, mama, hilo bega— ehe, sema.

MDOGO: Mtoe kwanza huyo mteja.

FUNDI: Nimtoe vipi na pini zimemjaa kiunoni? Sema, nasikia.

MDOGO: Kile kichupa cha mkojo ulichoacha dirishani kwetu asubuhi, nimekipima mwenyewe.

FUNDI: Ehe?

MDOGO: Hakuna protini hata chembe.

FUNDI: Mungu ashukuriwe! Si unaona? Nilikwambia mimi napona.

MDOGO: Jumapili nilikubonyeza mguu kwa kidole. Shimo likabaki mpaka nikamaliza maji yangu ya kunywa. Mguu ule na mkojo huu si vya mtu mmoja, Dada.

FUNDI: Mtandao unakwaruza. Sikusikii vizuri.

MDOGO: Haukwaruzi. Mkojo huu una sukari. Wewe huna kisukari. Hapo kwako mwenye kisukari ni wifi yako.

FUNDI: Mama, samahani, kanisubiri kibarazani kidogo. Taratibu, pini hizo… Haya. Ametoka.

MDOGO: Ni wa wifi?

FUNDI: Usimlaumu. Nilimwomba, akashindwa kukataa.

MDOGO: Na ule wa mwezi uliopita? Sikuwa zamu. Nimefukua daftari sasa hivi, nao una sukari vilevile.

FUNDI: Basi umeshajua, unaniuliza nini?

MDOGO: Dada! Daktari alipoiona ile sukari alidhani ni vidonge vyako vya figo vimekuletea! Protini hamna, sukari imepanda, akakupunguzia dawa nusu nzima. Unajua umefanya nini?

FUNDI: Najua. Ndicho nilichotaka.

MDOGO: Ulitaka—

FUNDI: Wewe hukai na kioo kutwa! Mimi changu kinafika sakafuni. Mteja wangu wa miaka sita aliingia hapa, akanitazama usoni, akaniuliza, "Fundi yuko wapi?" Nimekaa palepale, tepu shingoni! Vidonge hivyo vimeufanya uso kama mto wa kulalia.

MDOGO: Daktari alisema uso ungepungua baada ya—

FUNDI: Alisema, alisema! Kusema kazi gani? Auvae yeye huu uso.

MDOGO: Nisikilize. Vile vidonge vilikuwa vinawatuliza askari wa mwili wako. Kinga yako imepotoka, inaziona figo zako kama adui.

FUNDI: Hayo nimeyasikia.

MDOGO: Hukuyasikia. Figo ina vichujio vidogo vidogo, havihesabiki. Kila kimoja kimekumbatiwa na seli zenye vijimiguu, vimeshikana kama vidole vya mikono miwili. Damu inapita, maji na taka vinatoka, protini inabaki. Askari wako wakizivamia hizo seli, vidole vinaachia. Protini inapotelea mkojoni, maji yanakujaa miguuni. Na seli zile zikifa, hazioti tena. Si kucha hizo.

FUNDI: Kwa hiyo anayeniua ni mimi mwenyewe.

MDOGO: Sikusema hivyo.

FUNDI: Umesema. Watu husema kikulacho ki nguoni mwako. Kumbe hata nguoni ni mbali! Mwizi wa nje unamfungia mlango. Huyu nimfungie wapi, mdogo wangu? Nikimeza, najipoteza. Nisipomeza, najila. Nimechoka hoi, nakwambia kweli.

MDOGO: Najua. Basi sikugombezi tena. Tuanze upya. Lete mkojo sasa hivi, wa kwako. Daktari anaondoka saa saba. Tutamwambia ukweli, nitasimama nawe.

FUNDI: Siwezi.

MDOGO: Aibu ni ya siku moja, Dada.

FUNDI: Si aibu.

MDOGO: Sasa nini? Mara mbili umebeba mkojo wa mtu—

FUNDI: Ile ya kwanza nilidanganya. Ya leo…

MDOGO: Ya leo nini?

FUNDI: Leo nilitaka kuleta wangu. Haki ya Mungu. Nilichuchumaa na kichupa mpaka miguu ikafa ganzi. Wifi akagonga mlango wa choo mara tatu.

MDOGO: Halafu?

FUNDI: Hata tone.

MDOGO: Hata tone vipi? Na jana?

FUNDI: Jana vilevile. Mara ya mwisho ni juzi jioni, kidogo tu, rangi ya chai iliyolala. Nikaona haya kuja dirishani kwenu na kichupa kitupu. Ndiyo nikamrudia wifi. Haloo?

MDOGO: Unapumua vizuri?

FUNDI: Nikikaa, ndiyo. Nikilala, kifua kinakuwa kizito.

MDOGO: Basi usilale. Usinywe kitu, maji hayana pa kutokea. Mwite huyo mteja arudi akae nawe, mlango uwe wazi, usiguse cherehani. Nakuja na gari la wagonjwa.

FUNDI: Gari la nini? Mtaa mzima utoke kunitazama? Ngoja kwanza nimalize hili gauni, mwanawe anaolewa Jumamo—

MDOGO: Dada! Kaa!

FUNDI: Haya, haya, nimekaa. Unanitisha sasa. Hebu niambie, hivyo vichujio… vitakuwa vimebaki vingapi? Haloo? Umeiacha simu mezani? Nasikia viatu vyako. Unamwita daktari. Mbona unapiga kelele hivyo? Mdogo wangu? Unalia? Usilie mbele ya wenzako, bwana. Njoo ushike simu. Njoo, nitameza, sikia, nitameza vyote— haloo? Haloo?