Damu Iliyorudi kwa Mama Pindo

Ndugu, majirani na nyote mlioacha shughuli zenu kuja kumsindikiza dada yetu, haya ndiyo maisha yake, yanasomwa kama alivyotaka mwenyewe, bila kurukwa kitu.

Dada yetu, ambaye wengi mlimjua kama Mama Pindo, alizaliwa tarehe 9 Aprili 1957, katika nyumba ya vyumba viwili nyuma ya mashine ya kusaga, mtoto wa kwanza kati ya watatu, akaanza shule mwaka 1965, akaishia darasa la nne mama alipougua, na mwaka 1974 akajifunza ushonaji, na hilo jina alilipata kwa sababu akikuona barabarani pindo limefumuka, alikusimamisha hapo hapo, sindano iko kwenye kola, akakushonea huku anakugombeza.

Tarehe 10 Juni 1978 aliolewa na fundi mwashi, aliyeleta suruali ipunguzwe, akairudisha ipunguzwe tena, mpaka ilipokaribia magoti ndipo akasema shida yake, wakajaliwa mabinti wawili na mvulana mmoja.

Hedhi yake ilikoma akiwa na miaka hamsini na mbili, lakini mwaka 2015 damu ikarudi, wenzake wa kazini wakamtania, "Dada, tuanze kushona nepi?", akacheka, ila hospitali akaenda, daktari akakuta kinyama laini kwenye mlango wa kizazi, kinaitwa polipu, akakitoa, kikapimwa, hakikuwa na ubaya, naye akamhadithia kila mteja.

Mwishoni mwa 2021 damu ilianza tena, matone tu, na hapo ndipo alipojidanganya, akasema, "Aa, ni kale kanyama kangu, nakajua," akakunja kitambaa akakikalia, akaendelea kushona, mwaka ukapita. Daktari alimweleza baadaye kwamba damu ya baada ya hedhi kukoma inaweza kuletwa na polipu, na ngozi ya ndani ya kizazi kukonda, na dawa, na hata saratani, kwa macho huwezi kujua, kila ikija lazima ipimwe upya, na safari hii ilikuwa saratani ya mfuko wa uzazi, imeshasambaa.

Kaka yetu alitaka isemwe tu kwamba aliugua, maana mambo ya huko hayatajwi mbele za watu, Mama Pindo akamjibu kutoka kitandani, "We, kwani hukupitia huko huko kuja duniani? Leo ndiyo unapaonea haya? Isomwe yote," kisha akamgeukia mdogo wake wa kike, ndiye mimi ninayewasomea, niliyerudi naye darasa la kusoma ukubwani, akaniambia, "Soma wewe, na usimeze neno."

Alifariki Jumamosi, tarehe 3 Februari 2024, asubuhi, mabinti zake wamemshika mikono.

Tunawashukuru madaktari, majirani mliotupikia, na mafundi wenzake mlioshona sanda hii, na muuguzi aliyemhudumia, ambaye ameketi pale karibu na mlango, atabaki baada ya mazishi kwa mama yeyote anayetokwa damu isiyo ya wakati wake, na atakayemsogelea tusimkodolee macho. Kile kiti cha pili pembeni yake, cha mama atakayekuja kuuliza, kimewekwa na kaka yetu, kwa mkono wake.

Pumzika dada, amani iwe nawe.