Bi. Yeh Hsiu-luan, Aliyezisikia Feni Zikilia

Ijumaa tarehe 28 Juni 2024, Bi. Yeh Hsiu-luan atafunga mlango wa maabara ya joto na sauti hapa Taoyuan na kustaafu, baada ya kuitumikia kampuni yetu kwa miaka thelathini na mmoja na miezi mitatu. Ofisi ya Utumishi iliniomba mimi, mkuu wa idara yake, niandike nusu ukurasa wa kumuaga katika jarida la kampuni. Niliomba nafasi zaidi. Atakayesoma hadi mwisho ataelewa kwa nini nimeandika nikiwa nimeinamisha uso.

Bi. Yeh aliajiriwa Machi 1993. Alitoka Huwei, kaunti ya Yunlin, na cheti cha shule ya biashara, akapangiwa kufunga skrubu chini ya kompyuta mpakato. Mwezi wake wa tatu, msimamizi aligundua kwamba mashine alizokuwa akizitia alama ya chaki na kuziweka kando, zote zilikuwa na feni mbovu. Hakuwa na kifaa chochote mkononi. Alikuwa akizisikia tu, katikati ya makelele ya kiwanda kizima. Msimamizi alidhani anabahatisha, akamfunga macho kwa kitambaa mbele ya wenzake na kumwashia mashine ishirini, moja baada ya nyingine. Alizitaja tatu zilizojulikana kuwa mbovu, akaongeza ya nne ambayo vipimo vilisema ni nzima. Ile ya nne ilikufa baada ya siku kumi. Wiki iliyofuata akahamishiwa maabara, na tangu hapo amekuwa Dada Yeh wa kila mtu, hata wa vijana wenye umri wa watoto wake.

Walioingia katika chumba chetu cha kimya wanajua kwamba kuta zake zimejazwa kabari za sponji hadi mtu anasikia mate yake yakishuka. Dada Yeh alikiendesha kama hekalu. Viatu nje. Saa ya mkononi nje. Juu ya mtambo wa vipimo lazima iwepo pakiti ya kijani ya vitafunio vya mahindi, isiyopitwa na tarehe, kwa imani ya mafundi wa hapa kwetu, ili mtambo usilete ukaidi. Mwaka mmoja mtambo ulizimika mara mbili kwa siku moja, akakuta mtu ameweka pakiti ya rangi ya manjano. Mtu huyo alisemwa mwezi mzima. Na kabla ya kuingia lazima uwe umekula. Mkurugenzi Hsieh aliwahi kuingia na njaa yake, maikrofoni ikanasa ngurumo, na Dada Yeh akamwonyesha mchoro kwenye skrini bila kucheka: "Mkurugenzi, hili si tatizo la feni. Hili ni tumbo lako, na lenyewe halijafaulu. Nenda kale, kisha urudi."

Kazi yenyewe ni rahisi kuieleza, lakini ni ngumu kuifanya. Ndani ya mashine nyembamba ya gemu kuna chipu mbili zinazochemka, na juu yake kuna vidole vya mchezaji. Joto lazima litoke. Ukikimbiza feni, inapiga kelele. Ukiipunguza, kibodi inaunguza. Na watu wa mauzo kila mwaka wanataka mashine iwe nyembamba kuliko ya mwaka jana. "Hewa si jini, haipenyi ukuta," alikuwa akiwaambia kwenye vikao. "Nipeni pa kuipitishia." Ni yeye aliyetufundisha kwamba feni haipaswi kushtuka. Joto likipanda ghafla, feni isubiri kidogo, kisha ipande taratibu na ishuke taratibu zaidi, kwa sababu kelele iliyotulia mtu huizoea, lakini ile ya kupanda na kushuka humchosha akili. Mashine zetu zote za leo zinafuata utaratibu huo. Katika kitabu cha wahandisi haukuandikiwa jina la mtu.

Sasa nifike pale ninapopaswa kufika.

Mwaka 2016 mimi, Tu Po-hsun, niliongoza mradi wa mashine ya gemu yenye unene wa milimita kumi na saba. Wakubwa walitaka iwe mezani kwenye maonyesho ya Taipei mwanzoni mwa Juni. Mwishoni mwa Machi nilimpelekea Dada Yeh sampuli. Kikomo chetu cha kelele kilikuwa desibeli arobaini na tano, nayo ilitoa arobaini na nne. Nilikuwa nimeshaanza kukusanya karatasi zangu aliponyanyua mkono.

"Subiri. Inalia."

"Arobaini na nne, Dada Yeh. Imefaulu."

"Sijakuuliza namba. Feni hizi mbili zinazunguka karibu sawa, lakini si sawa. Sauti zao zinagongana. Sikiliza: wuu, wuu, wuu. Husikii?"

"Mimi sisikii kitu."

"Basi una bahati. Atakayeinunua atasikia."

"Mteja hana masikio kama yako," nikamwambia, na wenzangu wawili wakacheka. Nilipenda walivyocheka, kwa hiyo nikaendelea: "Tukikufuata wewe, Dada, tutauza mashine yenye unene wa tofali."

Aliitazama ile mashine, hakunitazama mimi. "Tu mdogo, nipe wiki tatu. Mashine hii inasongwa pumzi, na feni zake zinagombana. Wiki tatu tu. Kabla ya hapo siigongei muhuri."

Wiki tatu sikuwa nazo. Au tuseme nilikuwa nazo, ila nilitaka kusifiwa mapema.

Ikaja sikukuu ya kusafisha makaburi. Dada Yeh akaenda Huwei kwa wazazi wake marehemu na kuongeza siku mbili za likizo. Tarehe 6 Aprili, mchana kweupe, wenzangu wakiwa wamekwenda kula, nilifungua droo yake. Muhuri wa jina lake ulikuwa kwenye kikebe pamoja na wino mwekundu. Niliuchovya, nikaugonga mwisho wa ripoti ya vipimo. Ulitoka vizuri. Nakumbuka niliupuliza ili ukauke upesi. Nilijiambia kwamba namba ni ya kweli, kwa hiyo sijadanganya. Namba ilikuwa ya kweli. Muhuri ndio uliokuwa uongo.

Kwenye maonyesho tulipigiwa makofi, maana ukumbi ule una kelele hata feni ya helikopta isingesikika. Mashine zikaanza kuuzwa Agosti. Septemba barua zikaanza kuingia. Watu walisema kompyuta yao inaomboleza. Nikaficha maombolezo kwa kuziagiza feni zipunguze mwendo kupitia programu mpya, na hapo joto likakosa njia. Mwanafunzi mmoja wa Kaohsiung aliandika kwamba anacheza huku ametandika taulo lenye maji chini ya viganja. Mashine zikarudi kwa malori.

Oktoba tukaitwa kikaoni. Mkurugenzi Hsieh aliiweka ripoti katikati ya meza.

"Muhuri huu wa nani?"

Dada Yeh aliivuta karatasi, akasoma tarehe, kisha akanitazama. Katika rasimu ya kwanza ya wasifu huu niliandika kwamba alinitazama mara moja. Ameisoma na kunisahihisha: alinitazama mara mbili, ila mara ya pili mimi nilikuwa nimeinamia kikombe changu cha chai.

"Ni wangu," akasema.

"Ulipima, ukaipitisha?"

"Muhuri ni wangu, Mkurugenzi."

"Nauliza kama uliipitisha wewe!"

"Nimeshajibu. Waliobaki hapa nao wana midomo."

Hakuna aliyemwelewa isipokuwa mimi. Nikafungua mdomo. Niliyoyasema yamo kwenye kumbukumbu za kikao, yeyote anaweza kuyasoma: "Timu yangu itaanza marekebisho wiki hii."

Alipewa barua ya onyo na kupelekwa ghala la bidhaa zilizorudishwa, kule Nankan. Mwanamke aliyeweza kusikia beringi ya feni ikikwaruza ng'ambo ya ukumbi alikaa miaka miwili akibandika namba kwenye maboksi. Lakini hakubandika namba tu. Alikuwa anazifungua zile mashine. Desemba likaja boksi mezani kwangu, ndani mna mashine moja na karatasi iliyobandikwa juu ya kifuniko: "Feni ya kushoto ipungue mizunguko mia tatu kuliko ya kulia, zitaacha kugombana. Miguu ya nyuma iongezwe milimita mbili, hewa iingie. Nimejaribu kwenye mashine kumi na moja." Haikuwa na salamu wala sahihi.

Niliiwasha. Haikulia. Nikaweka kiganja juu ya kibodi baada ya saa nzima ya gemu, ilikuwa na uvuguvugu tu. Nilibandua ile karatasi, nikayahamishia maneno yake kwenye wasilisho langu, na chini nikaandika jina langu. Marekebisho hayo yalishinda tuzo ya ubunifu. Picha iliyotundikwa pale mapokezi, ile mnayoipita kila asubuhi, anayeshika kombe ni mimi. Mwaka uliofuata nikawa mkuu wa idara. Na mwaka 2018, niliposhindwa kuendesha maabara bila yeye, niliomba arudishwe, na jarida hili hili likanisifu kuwa kiongozi anayejua kuwapa watu nafasi ya pili. Niliisoma sifa ile nikiwa chooni, nikakaa humo hadi wenzangu wakanipigia simu.

Tumefanya kazi pamoja miaka sita tangu hapo. Hajawahi kunitupia neno. Alinisahihishia vipimo, alinikumbusha vikao, na kunisalimu "Meneja Tu" mbele za watu. Lile jina la kirafiki, "Tu mdogo", hakuniita tena.

Mwezi uliopita, Ofisi ya Utumishi iliponiomba niandike, nilimfuata maabara na boksi la keki za nanasi, kama mgeni. Alikuwa akifuta maikrofoni kwa kitambaa.

"Dada Yeh, kwa nini hukusema siku ile?"

Hakuniuliza siku ipi. "Nilidhani utasema wewe."

"Kikaoni?"

"Kikaoni. Hukusema kikaoni, nikasema basi kesho yake. Nikasema labda anaogopa kazi, ana mke mjamzito, atasema mtoto akizaliwa. Mtoto akazaliwa. Nikakutumia ile karatasi. Nikasema, sasa huyu ataona aibu."

"Niliona aibu."

"Uliona, ukainyamazia." Akakunja kile kitambaa. "Kule ghalani nilikungoja mwaka mzima. Nilikuwa nikichungulia mlangoni kila gari jeupe kama lako likiingia. Mwaka wa pili nikachoka, nikaacha kukungoja, nikaendelea na kazi. Ndiyo hivyo tu. Usinifanye mtakatifu kwenye jarida lako, nilikuchukia vizuri sana."

"Nitayaandika yote."

"Yaandike. Tarehe uziweke sawasawa. Na hizo keki wapelekee watu wa ghala, mimi sukari imeshanipanda."

Siku hiyo hiyo nilikwenda kwa Mkurugenzi Hsieh, ambaye sasa ni mkurugenzi mkuu, nikamweleza nikiwa nimesimama. Aliniuliza swali moja tu: "Nilimwuliza mara mbili mbele yako, na wewe ulikuwa unakunywa chai?" Nikajibu ndiyo. Sijawahi kutamani kutukanwa kama siku ile, lakini hakunitukana. Aliniambia nitoke.

Tarehe 12 Juni barua ya onyo iliondolewa kwenye jalada la Bi. Yeh, na Mkurugenzi Mkuu alishuka mwenyewe maabara kumwomba radhi. Aliinama hadi miwani yake ikaanguka. Hati ya tuzo imeandikwa upya kwa jina la mwenyewe. Mimi nitaacha uongozi wa idara tarehe 1 Julai na kurudi kwenye meza ya wahandisi, chini ya mtu niliyemwajiri mwenyewe. Mke wangu alipoisoma barua yangu ya kuacha uongozi aliniuliza mtoto aambiwe nini. Mtoto nilimwambia mimi mwenyewe. Ana miaka saba. Aliniuliza kama yule bibi alilia, nikagundua kwamba sijui.

Wenzetu wa Utumishi walitaka kuyapunguza maelezo haya, wakihofia yataharibu sherehe. Dada Yeh aliyasoma, akawarudishia na kuwaambia kwamba sherehe ni yake, na anazitaka karatasi zote.

Jumamosi atapanda treni kwenda kuishi na mdogo wake wa kike huko Huwei, kwenye nyumba yenye bustani ya vitunguu saumu. Ameshatuonya kwamba hatapokea simu za kuulizwa kuhusu feni kabla ya mwezi mmoja kupita, na kwamba baada ya hapo atapokea za wanaouliza kwa adabu. Vijana wawili aliowafunza, Bi. Lai na Bw. Kao, wanabaki maabara. Wakikuambia mashine inalia, na namba zikasema hailii, tafadhali usicheke.

Dada Yeh, kwa niaba ya kampuni nzima nakushukuru kwa miaka thelathini na mmoja ya masikio yako, mikono yako na ukali wako. Twakuombea afya, usingizi mtulivu na mavuno mazuri. Hayo ni ya wote. Kwa niaba yangu mwenyewe sikuombi unisamehe, maana ulishaningoja vya kutosha, na sasa ni zamu yangu kungoja. Nenda salama, Dada, ukaishi vizuri.

Tu Po-hsun
Maabara ya Joto na Sauti