Sauti Moja Katika Kwaya

Basi lilikuwa limebakiza vituo viwili tu, nami, Mungu anisamehe, nilikuwa nimeshatega sikio. Mama wa kiti cha mbele yangu alikuwa amemrushia jirani yake video ya kwaya. Jirani alikuwa fundi wa studio, na maneno yake mengi kama kinyozi.

"Huyu aliye pembeni yangu kwenye video ni binti yangu. Tulimzika mwezi uliopita. Nataka nimsikie yeye tu."

"Hiyo kazi ndogo, mama. Simu hii inachambua sauti huku wimbo unaendelea, kama mchele na chuya." Akabonyeza. Kinanda kikanyamaza, wanaume wakanyamaza. "Ila kuna sauti nene inamfunika. Nani huyu?"

"Mimi."

"Nikutoe?"

"Nitoe, baba."

Binti akabaki peke yake. Kila baada ya maneno mawili alivuta pumzi kwa shida, kama mtu anayepanda mlima na mzigo.

"Kumbe alikuwa hivi? Na nilikuwa nimemshika mkono!"

"Usingejua, mama. Kwaya nzima haikusikia."

"Kwaya haikumzaa."

Fundi akapeleka kidole kwenye simu. "Nizime?"

"Acha aumalize."

Basi likasimama kituo cha mwisho. Kondakta akatuita tushuke, lakini ubeti mmoja ulikuwa umebaki, na sisi watatu hatukuinuka.