Bi Ozella na Kuku wa Mzee Josephus

Wasikilizaji wapendwa, hapa Macon, Georgia, leo tuna simanzi. Bi Ozella Tibbs ametutoka. Ndiyo, Ozella yule yule wa mtaa wa Pleasant Hill, aliyefua na kupiga pasi nguo za Wazungu tangu mwanzoni mwa karne hii. Vuta kiti, tumkumbuke.

Alikuwa fundi wa pasi. Lakini waliofanya kazi naye hawasimulii pasi, wanasimulia kusoma kwake. Wengi pale kwenye banda la kufulia hawakupata shule. Yeye aliionja kidogo. Matajiri wakitupa majarida ya hadithi, Ozella aliyaokota, na kila Ijumaa aliwasomea wenzake huku pasi zikipata moto juu ya jiko.

Na hadithi zenyewe sasa! Mtu mweusi akitokea humo, basi ni mwizi wa kuku, au mwoga wa mizimu, au mpumbavu wa kuchekacheka. Ozella hakuweza kuwatamkia wenzake maneno hayo. Roho ilikataa. Kwa hiyo alibadilisha. Nasema tena, wasikilizaji: macho yalisoma moja, mdomo ukasema jingine.

Ijumaa moja alikuwa akisoma habari za Mzee Josephus, mtu mweusi wa humo jaridani. "'Kuku huyu nimemlea mwenyewe,' akasema mzee, na mwenye shamba akamwomba radhi."

Nyuma yake alisimama mpiga pasi mgeni, Lutie Mayhew, binti aliyesoma Atlanta.

"Dada Ozella, mbona hapo pameandikwa kaiba?"

Ozella aliogopa kwamba tangu siku hiyo hakuna atakayemwamini tena, hata akishika Biblia.

Bi Hattie Gaines, mkubwa wao, akaweka pasi yake pembeni, akamgeukia Lutie. "Mwanangu, unadhani hatujui? Marehemu mume wangu alikuwa akinisomea hayo hayo. Josephus huyo kaanza kuiba kuku mimi sijaolewa! Hebu sogea, Ozella amalizie. Na shati lako hilo linaungua."

Wakacheka mpaka wakashika mbavu. Ozella alilia.

"Mama alipika vibaya," mwanawe Alonzo ameniambia. "Uji wake wa mahindi ungeziba ufa wa ukuta. Lakini akisoma, hata baba alisahau kiko chake."

Miaka ikapita, macho ya Ozella yakapofuka. Wiki iliyopita Lutie, sasa naye ana mvi kichwa kizima, alikwenda kumsomea jarida jipya. Jipya, wasikilizaji, lakini mzee mweusi wa humo ni yule yule, na kuku yuko kwapani.

Ozella akauliza kwa sauti ndogo, "Na kuku?"

Lutie aliutazama ukurasa. "Wake, dada. Kamlea mwenyewe."

"Haya, endelea."

Kesho yake akafariki.

Pole sana Alonzo, pole Bi Lutie, poleni nyote wa banda lile. Mungu amlaze pema. Na wewe unayenisikiliza, ukifungua hadithi ukamkuta mtu wetu anachekwa, usiharakishe kugeuza ukurasa. Uliza kwanza: kuku ni wa nani?