Kalenda ya Wamawia

Kijiwe chetu kipo Ufukoni, ukutani mwa duka lililofungwa siku nyingi, na benchi lake ni ubao wa kreti uliolazwa juu ya matofali. Kahawa anapika Rashidi. Asubuhi ile ya Desemba 2009 mvua za kwanza zilikuwa zimeshanyesha, na Samweli wa bandarini, tunayemwita Anteni, alikuja na habari aliyoinasa kwenye redio yake yenye betri mbovu. Niseme mapema, nisije nikahesabiwa mjinga pamoja nao: watu waliotajwa redioni walikuwa Wamaya, watu wa kale wa huko Amerika ya Kati. Lakini Anteni alisikia Wamawia, yaani ndugu zetu Wamakonde wa ng'ambo ya Ruvuma, na siku ile sote tukasikia alivyosikia yeye.

— Kalenda yao ya kale inaishia Desemba 2012, akasema Anteni. Baada ya hapo hakuna kitu. Dunia kwisha.

— Wamawia gani wenye kalenda? akauliza Yusufu. Huyu ni Mmakua wa Masasi. Tunamwita Tume kwa sababu kila jambo anataka lichunguzwe.

— Hawa hawa wa ng'ambo. Redio imesema waliichonga.

— Waliichonga! Tume akapiga paja. Basi ni kweli, jamani. Hamjaona kile kinyago cha watu waliobebana, huyu juu ya huyu? Kila mtu pale ni mwaka. Sasa yule wa juu kabisa ana nini kichwani?

— Hana kitu.

— Ndiyo 2012 hiyo.

Nilicheka mpaka kahawa ikanipalia. Kassimu hakucheka. Kassimu ni mkulima, na nyuma ya jiko lake kulikuwa na miche ya mikorosho kwenye viriba, ikisubiri mvua hizo hizo. Mvua imekuja, yeye yuko kijiweni, na miche imeanza kukunja majani. Mkorosho huanza kuzaa mwaka wa tatu hivi, na hesabu hiyo huku kwetu hata mtoto anaijua.

— Yaani nipande sasa, ikianza kuzaa tu, kiama? akauliza.

— Ndivyo hivyo, kaka. Pole sana.

— Kiama ni siri ya Mungu, akasema Rashidi. Hakitangazwi redioni baada ya mpira.

— Wewe pika kahawa, akasema Tume. Hapa tunaongea sayansi. Tazama gesi ya Msimbati. Wametoboa pale, upepo unatoka usiku na mchana, sisi tunawashia taa. Mpira ukitolewa upepo unakuwaje?

— Unanywea.

— Unaanza upande gani?

— Upande wa tundu.

— Basi tunaanza sisi.

— Tunaanza sisi, lakini sababu ni saa, akadakia Anteni. Ng'ambo kule saa zao ziko nyuma. Hapa ikigonga saa sita usiku, wao bado saa tano. Kwa hiyo dunia ikiisha huku, wewe ukawahi kuvuka Ruvuma, unapata saa nzima ya bure.

— Ya kufanya nini? nikauliza.

— Hiyo ni juu yako.

— Na mto unavukaje?

— Mto utakuwa umegeuka, maji yanakimbilia Songea. Unapita kwa miguu.

— Na viboko?

— Viboko nao watakuwa na shughuli zao siku hiyo, bwana!

Hapo hata Rashidi alicheka. Kassimu akaweka kikombe chini.

— Chekeni tu. Mikorosho yangu ya kwanza iliuawa na ugonjwa wa ubwiriunga. Ya pili ikapitiwa na moto wa jirani. Nimechoka kupanda vitu nisivyovila. Kama kweli dunia inaisha, niambieni, nipumzike.

Nilimwonea huruma, na nikakionea aibu kicheko changu. Tume akampa ushauri.

— Usipande. Uza miche.

— Amuuzie nani, na dunia inaisha? akauliza Rashidi.

— Wasio na redio.

Wakati huo akapita mama Theresia, na beseni la mihogo kichwani. Alizaliwa ng'ambo, akaletwa huku mgongoni mwa mama yake wakati wa vita vya Mreno. Anteni akainuka kumpokea.

— Shikamoo mama. Samahani, ile kalenda yenu nyie Wamawia...

— Wamakonde.

— Wamakonde wa ng'ambo, mama. Ni kweli inaisha Desemba?

— Marahaba. Kalenda yangu nilipewa na padri, ina picha ya Bikira Maria. Inaisha Desemba, ndiyo.

Anteni akatutazama kama aliyeshinda kesi.

— Na ya mwaka jana nayo iliisha Desemba, akaendelea mama. Nyie mna nini leo?

Tukamweleza sote kwa pamoja, kinyago, gesi, saa, mto, viboko na miche. Akashusha beseni. Akamgeukia Kassimu.

— Hawa ndio wamekuambia usipande, mwanangu?

— Ndio hawa, mama.

Akatugeukia sisi.

— Haya. Na isipoisha, nani kati yenu atampa n'korosho unaozaa?

Anteni akaanza kuipigapiga redio yake. Tume akanyoosha kikombe, Rashidi akainamisha birika, yakatoka machicha matupu. Mimi nikatazama ndala zangu. Mama Theresia akajitwisha beseni lake akaenda zake.

Kassimu akasimama, akajifunga shuka vizuri kiunoni, akatupitia kwa macho mmoja mmoja.

— Mashimo hayajachimbwa, akasema. Nani ana jembe?