Kofia ya Ndinda na Sauti ya Mama Yake

Watu wa Mukuyuni walipanda milima ya Mbooni kuchuma kahawa ya wenyewe, kisha wakashuka kunywa chai, na chai yenyewe ilinywewa kwenye benchi lililo mbele ya hoteli ya Kasyoka. Benchi hilo lilikuwa na wenyewe. Kisilu, fundi wa redio, aliitwa Waya. Muthama, mzee wa kanisa, aliitwa Amina, kwa kuwa alifunga mazungumzo ya watu kabla hawajayamaliza. Musyoka aliitwa Bunge, na ukimsikiliza dakika mbili hutauliza sababu. Asubuhi hiyo ya mwaka wa 1995 Kasyoka alikuwa amewaachia birika akaenda zake shambani, na wote watatu walikuwa wamemgeukia Nzuki, anayeitwa Dereva, aliyestaafu lori miaka mingi iliyopita lakini jina likakataa kustaafu. Nzuki alishika barua ya binti yake Ndinda kutoka Kanada.

Ndinda alisomea muziki huko. Barua ilisema yeye na wanawake wenzake wawili, watunzi kama yeye, wanatengeneza muziki wa kuingia ndani. Mtu anavaa kofia yenye televisheni mbili ndogo mbele ya macho na spika masikioni, kisha anajiona amesimama kwenye matuta ya Ukambani, katikati ya akina mama wa mwethya, kikundi cha kusaidiana, wanaochimba pamoja huku wakiimba. Akigeuza kichwa, kila sauti inabaki pale ilipo. Sauti zilikuwa za kweli. Ndinda alizinasa kwa kaseti alipokuja likizo mwaka wa 1988. Moja ilikuwa ya mama yake, marehemu Mutindi, na hiyo ndiyo aliyoiombea ruhusa. “Nisipopata jibu lako kufikia mwisho wa mwezi, baba, nitaiondoa.” Jibu lisipoondoka posta siku hiyo, lisingefika kwa wakati.

— Soma tena hapo kwa kofia, alisema Waya.

Nzuki alisoma. Ilikuwa mara ya nne.

— Televisheni mbili lazima zikule betri ya lori, Waya alisema. — Sasa mtu atabeba betri ya lori kwa kichwa?

— Betri inakaa chini, alisema Bunge. — Kuna waya.

— Kama kuna waya, hajaenda mahali. Amefungwa kama mbuzi.

— Lakini anaona matuta.

— Anaona picha ya matuta.

— Ndinda anasema mtu yuko ndani, Nzuki aliingilia. Hakuelewa chochote, ila hakupenda kazi ya binti yake ipunguzwe.

Amina aliweka kikombe chini.

— Mimi swali langu ni moja. Mzungu wa huko akivaa kofia aingie hapo ndani, marehemu anamwona?

— Amwone na nini? Ni kaseti.

— Kaseti haina mahali ya kusimama. Hii iko nayo. Ukigeuka, yeye anabaki hapo. Kitu ukigeuka inabaki mahali yake, hiyo iko hai.

— Hata hii benchi inabaki.

— Usinichanganye, Kisilu.

Bunge alikuwa amesubiri vya kutosha.

— Nyinyi mnaongea mambo madogo. Hiyo ni serikali ya huko. Wanataka kujua tunachimba matuta namna gani.

— Kwao si ni barafu?

— Ndiyo maana wanaingia kwetu na kofia. Watalima huku wakiwa huko.

— Na mavuno yatakuwa ya nani?

— Hapo bado sijafika.

— Shida ni ingine kabisa, Waya alisema. — Stima ya hiyo kofia ikipotea na mtu yuko ndani, anatokea wapi?

— Hapa Mukuyuni.

— Bila pasipoti?

— Na Mutindi je? Amina aliuliza polepole. — Stima ikipotea, yeye anabaki wapi?

Nzuki alimwona mkewe amebaki gizani Kanada, kwa watu wasiojua hata kumsalimu kwa Kikamba. Alijua ni upuzi, na bado uliuma.

— Nitamwambia aitoe, alisema.

— Amina, akasema Muthama, na mambo yakaonekana yamekwisha.

Wakati huo alifika Sugow, mfanyabiashara wa mbuzi kutoka Garissa, aliyekuwa akingoja siku ya soko. Walimsimulia habari yote, watu watatu kwa mpigo. Alisikiliza hadi mwisho, kisha akamgeukia Nzuki.

— Pole kwa mama, mzee.

— Asante.

— Alikuwa anaimba nini?

— Nani?

— Mama Ndinda. Kwa hiyo kaseti.

— Nyimbo za mwethya.

— Sawa. Gani?

Nzuki aliitazama barua, haikutaja. Akamtazama Waya.

— Si ile ya mvua, Waya alijaribu.

— Hiyo ni ya kanisa.

— Basi ni ile ya kukaribisha wageni, alisema Bunge.

— Hiyo ni ya watoto wa shule.

— Na sauti yake? Sugow aliuliza, bila ubaya wowote. — Nyembamba ama nzito?

Sauti ya Mutindi ya kuita watu wale Nzuki aliijua. Ya kugomba aliijua zaidi. Ya kuimba hakuijua. Miaka ishirini na sita mkewe alichimba matuta kwenye mteremko uleule unaotazamana na benchi hili, na yeye alikuwa kwa lori, kisha hapa. Upepo uliwaletea sauti zote pamoja, wanaume wakaziita kelele za akina mama, na Bunge akawa anapaza yake ili asikike.

— Waya, bibi yako nyumbani anaimba nini? Nzuki aliuliza.

Waya alichungulia kikombe chake. Amina hakuwa na amina. Bunge alijimiminia chai.

Aibu ilimshika Nzuki, na baada ya aibu ikaja hamu ya kuisikia sauti hiyo. Alinyoosha mkono kwa Muthama.

— Nipe kalamu.

— Unaandika aitoe?

— Aiache.

— Aiache? Na yale yote tumesema?

Nzuki alikuwa tayari ameiweka karatasi juu ya goti.

— Aiache. Na akija nyumbani, aje na hiyo kofia. Mimi ndiye nitavaa kwanza.