Shangazi Pweza na Kompyuta ya Mikia Minane

Wasikilizaji wapendwa, karibuni. Kama mna kazi mkononi, endeleeni nayo. Sisi tunaomba masikio tu. Leo tunamkumbuka fundi wa kompyuta, mama wa watoto wawili, mke wa mwalimu wa hesabu. Tumemzika juzi. Wanafunzi wa shule ya wasioona walimwita Shangazi Pweza, na jina hilo likamfuata mpaka kwenye tangazo la msiba. Mumewe ndiye aliyeshikilia. Alisema mkiandika lile jina la kwenye vyeti, watu wataulizana ni nani huyo aliyekufa.

Jina lilitoka wapi? Turudi nyuma kidogo, alipokuwa msichana wa bisibisi moja na maneno mengi. Mchana alitengeneza redio kwenye kibanda cha mjomba wake, jioni alisoma darasa la kompyuta. Skrubu alizifunga kwenye pindo la mtandio ili zisipotee. Binti yake anasema tabia hiyo haikumwacha. "Mama alikuwa akipita, unamsikia analia kama njuga," anasema, na anacheka huku akifuta macho.

Shule ile ilikuwa na kompyuta moja, kuukuu, iliyokohoa kila ilipowashwa. Nyuma yake ilikuwa na matundu mawili tu ya kuunganishia vifaa. Darasa la mwisho lilikuwa na wanafunzi wanane. Matundu mawili, wanafunzi wanane; wenzake wakasema haiwezekani. Yeye akaifungua, akachomeka kadi ndani. Kutoka kwenye kadi ikatoka kebo nene, na kebo ikagawanyika mikia minane. Kila mkia ukaenda kwenye meza moja, penye kibao cha kuchapia na kisanduku kidogo kinachosoma kwa sauti kile mtu anachoandika. Msichana mmoja akaipapasa kebo kuanzia shina hadi ncha, akasema, huyu ni pweza. Basi aliyemleta pweza akawa shangazi yao.

Msichana huyo naye alikuwa na jina lake: Wakili. Ungemwambia leo jua limechomoza, angekuuliza una ushahidi gani. Na hapa, wasikilizaji wapendwa, ndipo penye kiini cha habari yetu. Mwaka uliotangulia, Wakili alifanya mtihani kwa kusema majibu huku mtu anayeona akimwandikia. Mwandishi yule alichoka. Wakili alitoa jibu refu, akasikia kalamu ikikwaruza kidogo na kunyamaza. Akaanguka mtihani. Hakujua kama aliyeanguka ni yeye au ni ile kalamu. Akaapa hatarudia kusemewa. Visanduku vikisema, atafanya mtihani. Visiposema, anarudi kwao, na shule basi.

Siku moja kabla ya mtihani, visanduku vikanyamaza. Vyote vinane.

Msimamizi wa mitihani alikuwa anakuja alasiri kuvikagua. Akivikuta kimya, waandishi wangerudishwa. Mwalimu mkuu alimpigia simu Shangazi Pweza kwa sauti ya mtu aliyeunguza chungu na wageni wako mlangoni.

Shangazi Pweza akafika, akafunua kompyuta, akaanza kuisema kama mama anayemsema mtoto mtundu. Akachomoa kadi. Akasugua meno ya shaba ya kadi hiyo kwa kifutio cha penseli, maana uchafu ukiingia hapo umeme haupiti vizuri. Akairudisha. Kimya. Akabadilisha mkia na mkia. Kimya. Akatazama vile viswichi vidogo juu ya kadi, vidogo kama punje za mchele, akavihesabu kwa ncha ya pini. Vyote vilikuwa pale alipoviacha. Kadi nzima, kebo nzima, visanduku vizima. Akakaa sakafuni, kompyuta imefunuliwa mbele yake, akawaambia wanafunzi kwamba mashine hii imeingiwa na kiburi.

Pembeni alikuwepo mwalimu wa hesabu, kijana asiyeona, akisahihisha madaftari ya nukta nundu kwa ncha za vidole. Tangu asubuhi hakuwa amesema kitu. Simu ya ofisi ikalia kwenye chumba cha pili. Visanduku vikatoa kelele kidogo, vikanyamaza tena. Shangazi Pweza alisikia, akadhani ni waya uliolegea, akaanza kukaza skrubu.

"Dada," mwalimu akasema, "acha kukaza. Ngoja simu ilie tena."

"Mwalimu, mimi natengeneza kompyuta. Simu haijanishtakia chochote."

"Najua. Lakini kompyuta yako inaingojea simu ndipo iseme."

Wanafunzi wakacheka. Fundi hakucheka. Akamtuma mwalimu mkuu aende duka la jirani akaipigie ofisi simu. Mwalimu mkuu mzima akatoka mbio, viatu vinalia kibarazani. Simu ikalia. Visanduku vyote vinane vikasema kwa pamoja, kila kimoja kipande cha sentensi iliyokuwa imekwama tangu asubuhi. Simu ikakatika, navyo vikakatika, katikati ya neno.

Hapo Shangazi Pweza akashika kichwa. Jioni ya jana yake alikuwa ameweka kadi nyingine ndani ya kompyuta hiyo, kadi iliyounganishwa na waya wa simu ya ofisi, ili ofisi ipeleke nukushi, yaani faksi. Aliiweka kwa haraka, akiimba.

Baadaye aliwaeleza wanafunzi hivi, na mumewe anayakumbuka neno kwa neno. "Kompyuta ni mama aliye jikoni. Haji mlangoni mpaka asikie kengele. Kila kadi ina kengele yake yenye namba yake. Mimi nimewapa wapangaji wawili kengele moja. Pweza akibonyeza, haisikiki, maana mwenzake ameishikilia. Simu ikilia, mama anatoka, na ndipo anawakuta ninyi wanane mmesimama mlangoni na mizigo yenu."

Wakili akauliza kwa nini asifukuzwe mpangaji mgeni. Akajibiwa kwamba mwalimu mkuu ameshaipenda nukushi yake, na mapenzi ya wakubwa hayaingiliwi.

Basi ikatafutwa kengele nyingine. Ya saa haiguswi. Ya diski haiguswi. Ya kibao haiguswi. Ikabaki ya printa. Printa ile ilikuwa mvivu. Ilipokea kazi ikaifanya bila kupigia mtu kengele. Shangazi Pweza akasogeza kipini cha plastiki kwenye kadi ya pweza, kutoka namba ya simu kwenda namba ya printa. Akawasha. Kompyuta ikakohoa.

Kimya.

Wasikilizaji wapendwa, nje gari la msimamizi lilikuwa tayari linaingia. Mlango wa gari ukasikika ukifungwa. Wakili akasimama, akaanza kuikunjua fimbo yake ya kutembelea, tayari kurudi kwao. Mwalimu wa hesabu akauliza polepole kama mashine yenyewe imeambiwa. Fundi akajiita jina ambalo hatutalitaja redioni. Alikuwa amehamisha kengele kwenye kadi, lakini ile programu inayoiongoza kadi bado iliandikiwa namba ya zamani. Amehama nyumba, na nduguze wanagonga kule kule alikotoka. Akaketi, akaandika namba mpya, akazima, akawasha.

Kisanduku cha kwanza kikasema. Cha pili kikasema. Mpaka cha nane. Msimamizi aliingia akakuta darasa lina kelele kama soko, kila mwanafunzi anachapa chochote, na visanduku vinane vinasoma majina, matusi madogo na jedwali la saba. Akauliza ni nani kiongozi hapa. Kisanduku cha Wakili kikajibu: mimi.

Mwalimu anatuambia kwamba alimpenda fundi siku ile, na kwamba lilikuwa kosa la bisibisi. Anasema mtu akikaza skrubu kwa hasira, inalia. Huyu hata akiwa na hasira alikaza kwa upole. Walioana mwaka uliofuata. Mabishano yao ya nyumbani yalikuwa marefu. Kila fundi alipoanza kujisifu kwamba ndiye aliyevisemesha visanduku, mume alikohoa mara moja akasema, "Simu hiyo inalia." Mjadala ukaishia hapo.

Aliendelea na kazi miaka mingi. Maghala, maktaba, viwanda vidogo. Popote palipokuwa na kompyuta ya zamani ambayo vijana walitaka kuitupa, walimwita kwanza. Hata alipolazwa hospitali kwa ugonjwa wa moyo, alimwita muuguzi akamuuliza kwa nini kengele za vitanda viwili zinalia mlio mmoja. Muuguzi akasema ni bahati tu. Kesho yake mlio wa kitanda kimoja ulikuwa umebadilishwa. Alifariki asubuhi, binti yake akiwa amemshika mkono, mumewe akiwa amemshika mwingine.

Lakini tusiache mtihani bila kuumaliza. Siku ya mtihani Shangazi Pweza alisimama kibarazani, nje ya dirisha, tangu mwanzo hadi mwisho, mtandio mkononi. Ndani, wanafunzi wanane walivaa visikilizio. Hakikusikika kitu ila vidole. Muda ulipokwisha, Wakili akachomoa kisikilizio chake, na kisanduku kikasoma kwa sauti, darasa zima likisikia, mstari wa mwisho wa karatasi yake: "Haya yote nimeyaandika mimi."

Msimamizi akamwambia, kwa upole, kwamba mstari huo si sehemu ya jibu, inabidi ufutwe.

Wakili akamjibu, "Kateni maksi. Mstari ubaki."

Msimamizi alifikiri. Kisha akaichapisha karatasi kama ilivyo. Nje ya dirisha, fundi alijifunika uso kwa mtandio, na skrubu zikamwagika kibaraza kizima.

Wakili alifaulu. Leo ni mwalimu katika shule ileile. Ametuomba tuseme kwamba msibani hakulia sana, kwa sababu alikuwa na mengi ya kusimulia.

Kwa mwalimu wetu, kwa binti na kaka yake, kwa mjomba wa kibandani na kwa wote waliowahi kumwita Shangazi Pweza, poleni sana. Mungu awape subira, na ampokee mpendwa wenu.

Nasi tuliobaki tuna jambo la kufikiri jioni hii. Huenda nyumbani au kazini kwako yupo mtu ambaye umezoea kumsemea, kwa nia njema kabisa. Kesho, kabla hujafungua mdomo kwa niaba yake, muulize kama angependa kusema mwenyewe. Kisha nyamaza, umngoje, hata akichelewa.